Pikapu Tuliyoambiwa Inajifikiria

Jambo la kwanza lililonijia akilini nikiwa ndani ya josho la ng'ombe, dawa ya kupe ikiniingia puani, ni kwamba angalau mwaka huu sitaumwa na kupe. Haki ya Mungu, ndilo lililonijia. Mtu anakufa, na akili yake inamletea mzaha.

Juu yangu pikapu ya kikundi ilikuwa imelala upande, gurudumu moja la nyuma likining'inia ndani ya shimo, mlango wangu wazi kama mdomo wa mtu aliyeshtuka. Mitungi ya maziwa ilikuwa ikishuka mmoja mmoja, chubwi, chubwi, kama watoto wanaoruka mtoni. Maziwa ya asubuhi ya mlima mzima yalimwagika humo mpaka dawa ikageuka rangi ikawa kama chai ya harusi, ile isiyobaniwa maziwa. Mimi sijui kuogelea. Nilikuwa na gambuti miguuni, makoti mawili mwilini na miaka hamsini na mmoja mgongoni. Nilizama, nikagusa simiti, nikapiga teke, nikatokea, nikazama tena. Kilichoniokoa ni mtungi mtupu uliofungwa kifuniko. Niliukumbatia kama mama anayemkumbatia mwanawe aliyetoka jela, tukaelea pamoja mpaka kwenye ngazi.

Josho letu ni mtaro mrefu wa simiti uliojaa dawa. Ng'ombe huruka upande mmoja, huogelea, hutokea upande wa pili kwa ngazi, halafu husimama juu ya simiti ili dawa idondoke na kurudi shimoni, maana dawa si kitu cha kumwaga ovyo. Siku hiyo ilikuwa siku ya kuogesha. Mtu wa josho, mzee aliyefanya kazi hiyo tangu kabla mimi sijaolewa huku, aliniona natambaa kwenye ngazi ya ng'ombe na wala hakupiga yowe. Alisema kwa mazoea:

"Simama hapo kwanza, Mama. Udondoke."

Nami nikasimama. Nikadondoka. Nyuma yangu ng'ombe mmoja mweusi aliyekuwa amegoma kuingia tangu asubuhi akaona kumbe hata watu wanaingia, akaruka. Akapita katikati ya mitungi, akapanda, akasimama kando yangu. Tukatazamana, yeye na mimi, wote tunadondoka. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikatapika, nikatapika mpaka wakanibeba kwenda zahanati, na muuguzi akaniosha macho kwa maji muda mrefu huku naye akiuma mdomo asicheke.

Macho yalipona. Jina langu ndilo bado. Kamati ya kikundi chetu cha maziwa hapa Moiben imechukua funguo, na kwenye mkutano wa wafugaji wote itaamuliwa kama mimi ni dereva mzembe. Ikiandikwa hivyo, sitaendesha tena gari la mtu upande huu, na sidhani kama kuna mwanamke mwingine atakayepewa funguo baada yangu. Kwa hivyo naandika. Shule niliacha darasa la nne, kwa hivyo naandika polepole, lakini nakumbuka haraka. Majina sitaji. Wahusika wakisoma watajijua, na wasipojijua majirani watawaonyesha.

Wazazi wangu walitoka magharibi wakaja kufanya kibarua kwenye shamba la mahindi karibu na Moi's Bridge. Mimi nilijifunza kuendesha kwenye trekta la shamba hilo, nikiwa nimesimama kwa sababu miguu haikufika. Baadaye nikaolewa huku Moiben, nikafiwa, nikabaki. Kikundi cha maziwa kiliponipa pikapu ya zamani, wanaume walicheka. Mmoja aliniambia, "Wewe endesha, sisi tutasukuma." Na kweli walisukuma. Ile gari ilikuwa inavutwa na magurudumu ya nyuma tu, na mvua ikinyesha ilikuwa kama kuku kwenye sakafu iliyopakwa mafuta. Lakini kwa miaka kumi na moja sikuwahi kuangusha hata mtungi mmoja. Hata mmoja. Hilo kamati imelisahau.

Ilipokufa kabisa, kikundi kikaamua kununua pikapu mpya kutoka Eldoret mjini. Tulitumwa watatu. Mwenyekiti wetu, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka kijiji cha pili. Mzee mmoja wa kamati ambaye kila mtu humchukua akienda kununua ng'ombe, kwa sababu jicho lake halijawahi kukosea. Na mimi, dereva.

Hapa lazima nieleze jinsi Mzee huyo anavyonunua, maana balaa lote lilizaliwa hapo. Kwetu mtamba hanunuliwi kwa sura yake. Mtamba hajazaa, hajakamuliwa, utajuaje maziwa yake? Unaomba kumwona mamake. Unamkamua mama kwa mkono wako, unaonja, unashika kiwele, unafuata kwa kidole mishipa ya maziwa tumboni. Mama akiwa mzuri, unalipa na kumfunga binti kamba, huna haja hata ya kumtazama mara ya pili. Ndivyo Mzee alivyojaza boma lake, na ndivyo alivyojaza ya wengine.

Tukafika shoruumu, duka la magari. Muuzaji alikuwa kijana wa viatu vilivyochongoka, meno meupe, na ulimi ambao ungeweza kumuuzia samaki mwavuli.

"Karibu Mzee wangu. Karibuni mamum. Mnatafuta ya kazi ama ya heshima?"

"Zote mbili," mwenyekiti akasema.

Pikapu zilikuwa tatu kwa mstari, za aina moja, umbo moja, rangi moja. Muuzaji akasema kuna ya chini, ya kati na ya juu. Tukadhani anasema zimeegeshwa wapi. Hakupoteza wakati, akatupakia kwenye ile ya juu akatuzungusha nyuma ya jengo, ambako walikuwa wametengeneza kilima cha udongo na kijana mwingine alikuwa akikimwagia maji kwa mpira kama anamwagilia sukuma.

"Sasa hii," akasema muuzaji, "magurudumu manne yanajiingiza yenyewe. Otomatiki. Kwenye lami inavuta ya nyuma peke yake, hailewi mafuta. Ikikanyaga utelezi, inajifikiria, inaita ya mbele. Wewe dereva kazi yako ni kushika usukani na kuimba."

Akapanda kilima. Katikati magurudumu ya nyuma yakazunguka bure, matope yakaruka mpaka kwenye kioo. Nikakaza miguu kwa mazoea ya ile gari yangu ya zamani. Halafu nikahisi kitu, sijui nikieleze vipi, kama mtu aliyekuwa amelala mbele ya gari ameamka na kushika kamba. Pikapu ikapanda. Ikapanda bila kelele, kama mbuzi anapanda kichuguu! Mwenyekiti akapiga vigelegele ndani ya gari, masikio yangu yakaziba. Mzee akasema, "Rudia." Ikarudia. "Rudia tena." Mara ya tatu Mzee alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili akicheka kama mtoto kwenye bembea, na mimi nilikuwa nalia machozi ya furaha, nikifikiria mlima wetu ulio juu ya josho, na miaka kumi na moja ya kusukumwa.

Muuzaji akataja bei. Mzee akaivaa kofia yake vizuri, akashuka.

Halafu akanyoosha fimbo kwenye ile pikapu ya mwisho kwenye mstari, ile ya chini.

"Na huyu?"

"Huyu ni nafuu sana, Mzee."

"Sijauliza nafuu. Huyu na yule tuliyempanda, mama ni mmoja?"

Kijana alisita kidogo tu, kama kufumba na kufumbua. Kisha akaelewa. Ninakubali, alikuwa na akili.

"Mzee wangu! Mama mmoja, baba mmoja. Wametoka tumbo moja, kiwanda kimoja, mwezi mmoja."

Mzee akazunguka ile pikapu mara moja. Akainama akatazama tumboni. Akapiga boneti kwa kiganja, akasikiliza. Akatuambia, "Mama tumemwona. Tumemkamua. Tuchukue binti." Na mwenyekiti, ambaye alitaka tufike nyumbani kabla ya watu kulala ili waione, akasema, "Amina."

Hakuna aliyesema tumpandishe na huyu kwenye kilima. Hata mimi. Sisemi uongo, hata mimi. Lakini niliuliza maswali mawili, na hayo mawili ndiyo ushahidi wangu. Kwenye ile ya juu niliona kitufe cha kuzungusha karibu na redio, na kimeandikwa neno ambalo hata mtu wa darasa la nne analisoma: AUTO. Kwenye yetu, mahali pale palikuwa na kifuniko cha plastiki kisicho na maandishi. Nikauliza, "Kitufe kiko wapi?"

"Mum, hii ni ya watu wa kazi. Mikono ina matope, ina maziwa, kitufe kinaharibika. Wameficha ndani. Iko, inafanya kazi huko huko ndani."

"Na hiki kigia kifupi kando ya gia?"

"Hicho ni cha mafundi. Usikiguse, utachanganya kompyuta."

Nimeandika maneno yake kama yalivyo. Sijaongeza chumvi, na chumvi ninayo.

Tulirudi Moiben kama tumeshinda mbio. Mwenyekiti alining'iniza kichwa nje ya dirisha kutoka mjini mpaka nyumbani akiwaambia watu barabarani, hata wasiotujua, "Inajifikiria! Inajifikiria!" Mchungaji aliiombea, akaweka mkono kwenye kila gurudumu, na kwa yale ya mbele akaongeza ombi maalum kwamba yawe na utii. Kina mama walimwaga maziwa kidogo kwenye bampa. Sijawahi kuwa mtu mkubwa maishani, lakini siku hiyo nilikuwa mkubwa. Nilishuka kwenye hiyo gari kama mimi ndiye niliyeizaa.

Kilichofuata ni kipindi cha kiangazi, na hapo ndipo tulipopata wazimu, sisi wote, kijiji kizima. Kila asubuhi nilibeba maziwa na watu wawili watatu waliotaka lifti. Tukifika mahali penye kaumande, au pale kisimani ambapo maji humwagika barabarani, mtu angesema, "Imeingia!"

"Imeingia, umesikia?"

"Mimi nimesikia kwa matako," mama mmoja akasema, "imenivuta mbele."

Na mimi dereva nasema nini? Nilisema, "Ndiyo, imeingia sasa hivi." Nilisikia kweli! Ningeapa. Mwalimu mmoja mstaafu alieleza kwamba kuna kamlio, kama mtu anayesafisha koo, halafu ya mbele yanashika. Wiki hiyo hiyo kila mtu alikuwa amesikia hako kamlio. Mzee wa kamati alikuja siku moja kupanda kwa ajili ya kusikia tu. Akakaa, akafumba macho, tukapita kisimani. "Maziwa ya mama," akasema, na akatikisa kichwa kwa raha.

Kumbe tulikuwa tunasikiliza gari ya magurudumu mawili ikipita kwenye maji ya ndoo tatu.

Mvua ikaja. Siku ya josho nilitoka mapema, mitungi imejaa, mwenyekiti kando yangu akiwa na mkoba mapajani. Mlima ule wa juu ya josho umechongwa kwenye udongo mwekundu, na ikinyesha usiku mzima unakuwa sabuni. Zamani ningesimama chini, nishushe nusu ya mitungi, niite vijana. Safari hii nilisema tu, "Mama, shika vizuri," nikaingia.

Katikati magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure.

"Sasa itaingia," nikasema.

"Itaingia," mwenyekiti akasema.

Gari ikasimama, ikalia. Matope yakaruka. Nikataka kuachia mafuta nirudi nyuma polepole, jinsi nilivyofanya miaka kumi na moja. Mguu wangu ulikuwa umeshaanza kuinuka. Mwenyekiti akanishika mkono.

"Ngoja," akasema. "Inafikiria."

Nikangoja. Mwili wangu ulijua, mguu ulijua, lakini nilingoja, kwa sababu nilikuwa nimekiona kile kilima cha Eldoret kwa macho yangu. Tukakaa hapo tukiipa gari nafasi ya kufikiria kama watu wanaongoja bibi harusi ajibu. Nayo ikafikiria. Ikaanza kurudi nyuma, kwanza polepole, halafu si polepole. Matako yake yakageuka upande wa josho. Nilikanyaga breki, magurudumu yakaganda, na gari iliyoganda kwenye sabuni ndiyo inakimbia zaidi. Mwenyekiti alisema, "Bwana asifiwe," akafungua mlango wake akaruka kwenye majani na mkoba wake, hakuna hata yai moja lililovunjika mkobani, nasikia alikuwa na mayai. Mimi nilibaki na usukani. Tukavunja boma la miti la kupangia ng'ombe, gurudumu likatumbukia, gari ikalala, mlango wangu ukafunguka. Yaliyobaki nimeshayasema.

Trekta la jirani liliitoa. Tukaipeleka kwa fundi mmoja wa Yamumbi, mtu mpole mwenye gereji ya mabati. Aliingia ndani, akatazama, akaniita.

"Mama, kabla ya kupanda ulisukuma hiki?" Akaonyesha kigia kifupi.

"Niliambiwa nisiguse. Eti kompyuta."

Fundi akakisukuma mbele kwa vidole viwili, kama mtu anayefungua dirisha, akaingiza gia, akaipitisha pikapu kwenye dimbwi la matope lililokuwa nyuma ya gereji yake, dimbwi la mpaka magotini. Ikapita. Magurudumu yote manne yakichapa.

"Hii ni ya kuweka kwa mkono," akasema. "Ile ya kujiweka yenyewe iko kwa ya juu peke yake. Hata ya kati haina. Hapa kwenye kifuniko hakuna kitu, Mama. Ni tundu." Akakibandua kwa kucha. Ndani palikuwa na giza, na vumbi kidogo.

Nilikaa kwenye tairi kuukuu nikacheka mpaka yule fundi akaniletea maji. Nguvu za magurudumu manne zilikuwa kando ya goti langu wakati wote. Miezi mitano! Nilikuwa naweka leso yangu hapo juu yake ikauke.

Nikampigia muuzaji. Alinikumbuka vizuri sana mpaka nilipotaja josho. Hapo mtandao wake ukaanza kukatika.

"Madam, kila kitu kiko kwenye kijitabu. Kuna jedwali. Ya juu ina alama, ya chini haina."

"Kijitabu ni cha Kiingereza, na ulikifungia kwenye nailoni."

"Madam, hayo ni makosa ya dereva." Akakata. Siku mbili baadaye meneja wake akaituma kamati barua yenye maneno hayo hayo matano, lakini kwa herufi kubwa.

Na kamati ikayapenda! Wacha niseme ukweli kuhusu watu wangu. Mzee hawezi kukubali kwamba alinunua binti kwa kumkamua mama, maana kesho nani atamchukua kwenda mnadani? Kwa hivyo amekaa kimya, na akikutana nami njiani anaangalia ng'ombe hata pale ambapo hakuna ng'ombe. Mwenyekiti nilimwuliza mbele ya kamati, "Mama, si wewe ulinishika mkono ukasema ngoja?" Akajibu, "Mimi nilikuwa nimefumba macho nikiomba." Labda. Lakini aliomba kwa mdomo wazi na mkono wake ukiwa juu ya wangu. Na wale waliosikia imeingia, wa kamlio, wa matako, sasa hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia kitu. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na masikio Moiben yote.

Kosa langu nalijua na nitalisema mwenyewe mbele ya mkutano: niliacha kuamini mguu wangu nikamwamini mtu mwenye viatu vilivyochongoka. Hilo niandikieni, nitaweka kidole. Lakini uzembe, hapana. Nilimwuliza mtu anayelipwa kujua, maswali mawili, na alinijibu uongo mara mbili akitabasamu.

Kwa hivyo wewe, kijana, na wewe meneja uliyetia sahihi: mkutano ni Jumamosi hii saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa kituo cha maziwa. Barua hatutaki tena. Simama mbele ya wafugaji, uwaambie nilikuuliza nini na ulinijibu nini, halafu useme kwa mdomo wako ni nani aliyeipitisha ile gari kwenye boma la ng'ombe, mimi au wewe. Kiti chako nitakiweka mbele. Usitume mtu.